Kidogo Changu Chadhuru Nini?

Katika maneno yasemwayo mara nyingi katika nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa, liko moja ambalo twalisikia sokoni, shambani, barazani na hata shuleni. Nalo ni hili: "Kidogo changu chadhuru nini?" Mkulima achumaye kahawa hutia katika gunia lake konzi moja ya kahawa changa, akasema moyoni, Konzi moja katika gunia zima ni nini? Mpimaji asiye mwaminifu huigusa mizani kwa ncha ya kidole, akasema, Ni gramu chache tu. Mchungaji huwasha kiberiti mlimani wakati wa kiangazi ili ng'ombe wapate majani mapya, akasema, Kilima hiki ni kimoja, na vilima vya nchi hii havihesabiki. Hakuna katika hao aliye mwovu wa kupindukia. Kila mmoja wao angeona haya kuitwa mwizi au mharibifu. Lakini wote wamejikinga kwa ngao moja, nayo ni udogo wa jambo lenyewe.

Basi, wasomaji wetu, twataka leo kuichunguza ngao hiyo, tuone kama yaweza kweli kumkinga mtu. Swali letu ni hili: Je, tendo likiwa dogo sana, hata halionekani kwa macho, wala halitambulikani kuwa ni la nani, mwenye kulitenda ameachiliwa? Wengi hujibu swali hili kwa kukisia tu. Sisi twapenda kulipeleka mahali ambapo neno "kidogo" limepimwa kwa tarakimu, tena kwa uangalifu mkubwa. Mahali hapo ni hewa ya juu, na chombo cha kupimia huchukuliwa na puto.

Kwanza yatupasa kujua hewa ni nini. Katika hewa kavu tuivutayo, sehemu 78 katika kila mia ni naitrojeni, na sehemu 21 ni oksijeni. Sehemu moja iliyobaki karibu yote ni agoni, gesi isiyojishughulisha na kitu. Ukiisha kuzihesabu hizo tatu, umehesabu karibu hewa yote. Yale masalio yaliyobaki ndiyo gesi haba. Miongoni mwake imo hewa ya ukaa, ambayo siku hizi imepita sehemu 420 katika kila milioni, nayo kabla ya viwanda kuenea duniani ilikuwa karibu 280. Imo metheni, imo monoksidi ya kaboni, na imo ozoni, ambayo hata huko juu ilikojaa kuliko kwingine haizidi sana sehemu 8 au 10 katika milioni.

Tutawezaje kufahamu maana ya sehemu moja katika milioni? Na tutumie maharage yetu, ambayo kila mtu wa Karagwe ayajua. Tukikadiria ya kuwa punje 2,500 zafanya kilo moja, basi punje milioni moja zitajaza magunia manne ya kilo mia mia. Chukua punje moja nyeusi, uitie katika magunia hayo manne, uyachanganye. Hiyo ndiyo sehemu moja katika milioni. Ni nani atakayeiona? Mpishi hataionja, wala mnunuzi hatashusha bei kwa ajili yake. Kwa hesabu ya kawaida ya wanadamu, punje ile haipo.

Watu wa zamani nao hawakuiona. Mwaka 1804 bwana Gay-Lussac, Mfaransa, alipanda katika kikapu cha puto kutoka Paris mpaka kimo cha mita 7,000 hivi, kupita kilele cha Kilimanjaro, akajaza hewa ya huko katika chupa, akashuka nayo. Alipoipima aliona oksijeni yake ni kwa kadiri ile ile ya hewa ya chini. Hakukosea. Lakini vyombo vya siku zile viliweza kupima mambo makubwa tu, na ozoni yenyewe ilikuwa haijajulikana. Schönbein aliitambua na kuipa jina baada ya miaka zaidi ya thelathini. Hivyo kama mtu angeuliza mwaka ule, Je, huko juu kuna kitu kingine? jibu la haki lingekuwa, Sijaona. Na kutoka "sijaona" mpaka "hakuna" ni hatua ndefu, ingawa watu wengi huiruka kwa mruko mmoja.

Hata upande wetu huu wa Afrika maputo yalifika mapema. Mwaka 1908 Wajerumani wawili, Arthur Berson na Hermann Elias, waliyarusha katika Ziwa Viktoria, ziwa lile lile tulionalo tukishuka Bukoba. Wao walipima pepo na baridi, si gesi. Wakakuta ya kuwa juu ya vichwa vyetu, hapa kwenye ikweta penye joto, kuna baridi inayopita digrii 80 chini ya sifuri. Ni nani aliyedhani hivyo, alipokuwa ameketi kivulini mwa mgomba akijifutia jasho? Baadaye, mwaka 1934, Erich Regener alirusha puto huko Stuttgart lililopima ozoni mpaka karibu na kimo cha kilometa 30.

Na siku zetu hizi kazi hiyo hufanyika jirani. Tangu mwaka 1996 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikishirikiana na idara ya namna hiyo ya Uswisi, imekuwa ikirusha Nairobi, penye Dagoretti Corner, puto la kupima ozoni mara moja kila juma. Tangu mwaka 1998 vipimo hivyo vimeunganishwa na vya vituo vingine vya nchi za joto, kama kile cha Irene katika Afrika ya Kusini, kisiwa cha Réunion, Natal katika Brazili, na Samoa katika bahari ya Pasifiki, kwa mpango ulioanzishwa na Anne Thompson wa shirika la Marekani la NASA.

Kazi yenyewe huenda hivi. Puto hutiwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Chini yake hufungwa kisanduku chepesi, na ndani yake mna pampu ndogo na vikombe viwili vyenye maji yaliyotiwa chumvi ya iodini. Pampu huvuta hewa ya nje na kuipitisha katika maji yale. Ozoni ikiwamo, huigusa ile chumvi, na umeme hupita kati ya vikombe, umeme mdogo mno usioweza kuwasha hata taa ndogo kuliko zote. Hesabu yake ni sehemu chache za milioni za ampea. Redio huipeleka hesabu hiyo chini, pamoja na habari za baridi, unyevu na mgandamizo wa hewa. Puto hupanda karibu mita 300 kila dakika, nalo huzidi kuvimba kwa sababu hewa ya nje yazidi kuwa hafifu. Baada ya muda wa karibu saa moja na dakika arobaini, penye kimo cha kilometa 30 au zaidi, hupasuka, na kisanduku hushuka kwa mwavuli wake. Mahali pengi kisanduku hakipatikani tena, wala hakitafutwi; neno lake limekwisha kuandikwa.

Sasa tuulize: zile punje chache za ozoni zafanya kazi gani? Kama ozoni yote iliyo juu yetu ingekusanywa na kushushwa mpaka usawa wa bahari, ingekuwa utando wenye unene wa milimita tatu hivi, na hapa kwetu kwenye ikweta hata hazitimii tatu. Utando mwembamba hivyo ndio unaozuia sehemu kubwa ya miali ya jua iliyo kali, ile ichomayo ngozi, iharibuyo macho na kuleta saratani. Wako kati yetu wanaoujua ukali wa miali hiyo kuliko sisi wengine, nao ni ndugu zetu wenye ualbino. Tunawaona watoto wao darasani wakivaa kofia pana na mikono mirefu, wakitafuta kiti kilicho mbali na dirisha. Kwao milimita zile si hesabu ya kitabuni. Utando ukipungua, hao ndio watakaotangulia kuumia.

Hapa ndipo yalipotokea mambo ambayo twapenda kila msomaji ayatafakari. Mwaka 1928 huko Marekani ilitengenezwa aina mpya ya gesi kwa ajili ya majokofu, nazo zikaitwa klorofluorokaboni. Zilisifiwa sana, na sifa hizo zilikuwa za kweli: hazikuwaka moto, hazikunuka, hazikuwa sumu kwa avutaye. Zikatiwa katika majokofu, katika mashine za kupoza nyumba, na katika mikebe ya kupulizia manukato na dawa za wadudu. Kila mkebe ulitoa kidogo, na kidogo hicho kilipotea hewani, kikasahauliwa.

Mwaka 1971 mtaalamu mmoja Mwingereza, James Lovelock, alisafiri baharini na chombo alichokitengeneza mwenyewe, akapima moja ya gesi hizo katika hewa ya bahari, mbali na miji. Akaikuta kila mahali. Kadiri yake ilikuwa karibu sehemu 50 katika milioni milioni. Turudi kwenye maharage yetu: ni punje 50 katika magunia milioni nne. Lovelock alipoandika habari hizo mwaka 1973, alisema ya kuwa haoni hatari yo yote katika uchache huo. Msomaji aangalie vema jambo hili. Huyo hakuwa mtu mzembe wala mjinga. Ndiye aliyekuwa na chombo bora cha kuona uchache, naye aliuona kabla ya watu wote. Lakini kujua kiasi cha kitu ni jambo moja, na kujua nguvu zake ni jambo jingine.

Mwaka uliofuata, 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha ya kuwa gesi hizo hazifi chini. Hupanda polepole kwa miaka mingi mpaka hewa ya juu, na huko miali mikali huzivunja na kutoa klorini. Chembe moja ya klorini huiharibu chembe ya ozoni, kisha hutoka mzima, ikaenda kuiharibu nyingine, na nyingine tena, labda mpaka laki moja, kabla ya kunaswa. Wengi walibisha. Lakini mwaka 1985 Joe Farman na wenzake wawili, waliokuwa wakiipima ozoni miaka mingi penye kituo cha Halley huko Antaktika, walitangaza ya kuwa kila masika ya huko utando ule umekuwa ukipungua, hata karibu theluthi yake imetoweka. Maputo yaliyorushwa huko yalithibitisha ya kuwa katika tabaka fulani ya hewa ozoni ilikuwa karibu kwisha kabisa.

Tena tuone ni wapi. Gesi zile zilitolewa zaidi katika miji ya kaskazini ya dunia. Shimo likatokea kusini kabisa, katika barafu isiyo na kijiji hata kimoja. Hapa kwetu kwenye ikweta upungufu haukuwa mkubwa hivyo. Basi mtu wa mji wa mbali aliyebonyeza mkebe wake asubuhi hakuuona ubaya wake machoni pake, wala hakuusikia nyumbani kwa jirani. Wazee walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Nao walisema pia, Bandu bandu huisha gogo. Aghalabu twaikumbuka methali ile ya kwanza tukitaka kuweka akiba, na kuisahau ile ya pili tukitaka kubandua.

Sasa na turudi nyumbani, maana ni rahisi kuyahukumu majokofu ya watu wengine. Kila mwaka, kuanzia Juni mpaka Agosti na hata Septemba, vilima vyetu huwaka. Ukisimama jioni mahali palipoinuka, kutoka Kayanga mpaka Nkwenda, kutoka Kaisho mpaka Murongo, waona mistari myekundu ya moto ikipanda rweya, na asubuhi nchi imefunikwa na ukungu usio wa mvua. Wala si Karagwe peke yake: zaidi ya nusu ya eneo lote la dunia linaloungua kila mwaka limo katika Afrika. Tuseme kweli, majani yakiota tena huirudisha sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotoka. Lakini moshi una gesi haba nyingine, monoksidi ya kaboni na oksidi za naitrojeni, nazo zikipigwa na jua huzaa ozoni katika hewa hii ya chini.

Msomaji aweza kusema, Kumbe ni vizuri, tumeongeza ngao! La, sivyo. Ozoni ya juu ni ngao. Ozoni ya chini huumiza mapafu ya mtu na kudhuru majani ya mazao. Kitu ni kile kile, bali mahali pake pamebadilika, na pamoja na mahali, kazi yake. Nayo haikai ilipozaliwa. Huko katika kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, ambako hakuna nyika ya kuungua, maputo yamekuta ozoni nyingi kupita ilivyotazamiwa katika hewa iliyo chini ya ule utando, na sehemu yake imetokana na mioto ya Afrika na ya Amerika ya Kusini. Mchungaji aliona moshi ukipaa, ukafifia, ukatoweka, akasema, Umekwisha. Ulikwisha machoni pake tu.

Twajua ya kuwa watakuwapo wenye kutupinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Hebu tuzitazame moja moja.

Wa kwanza atasema: "Nchi tajiri zimetoa gesi kwa miaka mia mbili, nasi tuna viberiti tu. Kwa nini mnatuhesabia sisi?" Huyu ana haki kubwa katika maneno yake. Kidogo hutofautiana na kidogo, na asemaye ya kuwa sisi na mataifa yenye viwanda tuna lawama sawa asema uongo. Lakini angalieni, hoja hii yataka kipimo. Haiwezi kusimama bila mtu kupima cha huyu na cha yule. Na aliyeomba mizani iletwe sokoni hawezi kukataa gunia lake kuwekwa juu yake. Udeni mkubwa wa jirani yangu haufuti wangu ulio mdogo; waonyesha tu ni nani wa kulipa kwanza na kulipa zaidi. Ndivyo mataifa yalivyofanya Montreal mwaka 1987 walipopatana kuziacha klorofluorokaboni: nchi tajiri zilipewa muda mfupi, zikaacha kuzitengeneza mwaka 1996, na nchi zinazoendelea zikapewa mpaka 2010, pamoja na mfuko wa kuzisaidia. Tanzania yetu iliingia katika mapatano hayo mwaka 1993.

Wa pili atasema: "Hakuna awezaye kuutambua moshi wangu. Hewa ikichanganyika, imechanganyika." Kweli, puto la Nairobi haliwezi kusema, Punje hii yatoka kwa fulani wa Kyerwa. Hakuna hakimu atakayemhukumu mtu kwa ushahidi huo. Lakini je, konzi ile ya kahawa changa haimo katika ghala la chama kwa sababu tu haijulikani gunia lake? Imo, na bei ikishuka, hushuka kwa wote, aliyechuma vema pamoja na aliyechuma vibaya. Kuchanganyika hakukifuti kitu. Kwafuta jina tu. Na mtu anayeliepuka kosa kwa sababu ya jina lake kujulikana, huyo haogopi kosa, aogopa watu. Hapo ambapo sheria haiwezi kufika, ndipo dhamiri inapoanza kazi yake, na kama haifanyi kazi hapo, hatujui itafanya kazi wapi.

Tena, hata kufichika si salama kama watu wanavyodhani. Mwaka 2018 wapimaji wa hewa walitangaza ya kuwa moja ya gesi zile zilizokatazwa haikupungua kwa kadiri iliyotazamiwa. Kuna mtu, mahali fulani, alikuwa akiitengeneza kwa siri. Mwaka 2019 vituo vya Korea na Japani vilionyesha ya kuwa sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka China ya mashariki. Baada ya hapo ilipungua tena. Waliofanya siri ile walidhani ya kuwa wachache wa sehemu katika milioni milioni hawatahesabiwa na mtu.

Wa tatu atasema: "Mama apikaye kwa mafiga matatu afanye nini? Asipike?" Kwa huyu twajibu upesi: apike, na watoto wale. Hatukuandika maneno haya ili kumwongezea mzigo aliyekwisha kulemewa. Kuna moto wa haja na moto wa mazoea. Hata moto wa nyika si wote ubaya. Kuna uchomaji wa mapema, wa mpango, penye majani bado mabichi kidogo, ambao huzuia moto mkali wa mwisho wa kiangazi usiteketeze msitu. Bali ule moto unaowashwa kwa sababu jana uliwashwa, au kwa kumkimbiza sungura mmoja, na kuachwa uende utakako mpaka shamba la migomba la mtu mwingine, huo hauna haja ya kuutetea. Yatupasa kila mmoja kupambanua, na aliye mwaminifu hujua moto wake ni wa namna gani kabla hajaulizwa.

Basi ni kipimo gani tutakachokitumia katika matendo madogo, ikiwa udogo wenyewe si udhuru? Twaona kiko kimoja kilicho wazi, hata mtoto wa darasa la nne akifahamu. Mtu asijiulize, Kidogo changu chadhuru nini? Na ajiulize, Kila mtu mwenye nafasi kama yangu akifanya hivi, nchi itakuwaje? Kwa maana sababu inayomruhusu yeye, yawaruhusu wote. Ikiwa asema, Konzi yangu ni moja tu, kila mwanachama ana konzi yake moja tu. Ikiwa asema, Kilima changu ni kimoja tu, kila kilima ni kimoja tu. Hakuna mtu aliyepata kuichoma nchi nzima. Nchi nzima huchomwa na watu waliochoma kilima kimoja.

Walakini tusimalize kwa kuogopesha, maana jambo hili lina upande wa pili. Kama kidogo kibaya hakipotei, na kidogo chema hakipotei. Tazama mapatano yale ya Montreal. Kila fundi wa majokofu aliyebadili gesi yake, kila kiwanda kilichoacha mkebe wa zamani, kilifanya jambo dogo lisiloonekana. Mwaka 2009 yalikuwa mapatano ya kwanza ya Umoja wa Mataifa ya namna hiyo kukubaliwa na nchi zote za dunia. Mwaka 2016, ng'ambo tu ya mto wetu wa Kagera, katika mji wa Kigali, mataifa yaliyaongeza maneno, wakakubali kupunguza na gesi zile zilizochukua mahali pa zile za kwanza, kwa sababu ijapokuwa haziharibu ozoni, huzidisha joto la dunia. Na hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwanzo wa 2023 yasema ya kuwa, mapatano yakishikwa, utando wa ozoni utarudia hali yake ya 1980 kwa sehemu kubwa ya dunia karibu mwaka 2040, na huko Antaktika karibu 2066. Wengi wetu hatutauona mwaka huo. Watoto tunaowafundisha leo watauona, na hao wenye kofia pana miongoni mwao.

Nao wale warushao maputo, kazi yao ni mfano wa jambo hili hili. Puto moja la juma moja halisemi mengi. Labda siku ile palikuwa na upepo wa namna yake. Mtu angeweza kusema asubuhi moja ya mvua, Tukiacha leo yadhuru nini? Lakini kwa kuwa walirusha juma baada ya juma, kwa miaka zaidi ya ishirini, vipimo vile vidogo vimekuwa ushahidi ambao ulimwengu wautegemea, nao hauwezi kununuliwa tena kwa fedha, kwa maana hewa ya juma lililopita haipimiki leo.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, na hasa walimu wenzetu, neno "kidogo" likitamkwa mbele yenu kama udhuru, msilipokee upesi. Mwulizeni asemaye: Ni kidogo cha nani, kinakwenda wapi, na ni wangapi wenye kidogo kama hicho? Kiangazi kijacho ki karibu daima. Kabla kiberiti hakijawashwa juu ya rweya, na maswali hayo yaulizwe nyumbani, wakati bado kuna nafasi ya kuyajibu.